Kikombe cha Barry Marshall: kilithibitisha gastritisi, hakikuthibitisha kidonda

Kisa hiki husimuliwa hivi: daktari kijana wa Australia alikunywa bakteria, akapata vidonda vya tumbo, akameza antibiotiki, akapona, akapewa Tuzo ya Nobel. Ni kisa kitamu, na hata watu wa afya hukisimulia hivyo hivyo. Kasoro yake ni kwamba kipande cha katikati hakikutokea. Barry Marshall hakupata kidonda. Alichopata ni gastritisi, yaani uvimbe wa utando wa ndani wa tumbo, na ulianza kupoa wenyewe kabla hajameza kidonge hata kimoja cha antibiotiki.

Sisemi hivyo ili kumpunguzia sifa. Nakichambua kisa hiki kwa sababu ile nafasi kati ya alichokunywa na kile tunachodai kilithibitika ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi bakteria wanavyoleta kidonda. Mtu akidhani bakteria akiingia leo kidonda kinatoka wiki ijayo, hataelewa kwa nini jirani yake ana bakteria hao hao na halalamiki kitu.

Mwaka 1979, mjini Perth, Robin Warren alikuwa mwanapatholojia. Kazi yake ilikuwa kutazama kwa hadubini vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa. Katika kinyama kimoja kutoka tumboni aliona kitu kama utepe wa samawati juu ya utando. Alipokuza picha zaidi akaona ni bakteria wengi waliojikunja kidogo, wamejipanga kwenye ute. Rangi ya kawaida ya maabara haikuwaonyesha vizuri, kwa hiyo akatumia rangi yenye madini ya fedha, ambayo huwafanya bakteria wawe weusi juu ya mandhari ya manjano. Wakajitokeza wazi. Akaendelea kuwatafuta kwa wagonjwa wengine na kuwapata, na kila alipowapata, utando uliokuwa chini yao ulikuwa umevimba na kujaa chembe nyeupe za damu.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba madaktari wa wakati huo walifundishwa kuwa tumbo halina bakteria, kwa kuwa asidi yake huua kila kitu. Mwaka 1954 Mmarekani Eddy Palmer alikuwa amepima vinyama vya watu zaidi ya 1,000 na kutangaza kwamba hakuna bakteria wanaoishi tumboni. Alitumia rangi ya kawaida, ile ile isiyowaonyesha vizuri. Taarifa yake ilifunga mjadala kwa karibu miaka 30. Mimi naliona hilo kuwa funzo kubwa kuliko kikombe chenyewe, lakini halina drama, kwa hiyo halisimuliwi.

Marshall aliungana na Warren mwaka 1981. Alikuwa daktari katika mafunzo, anatafuta mradi wa utafiti. Mwaka 1982 walichukua wagonjwa 100 waliokuja kufanyiwa kipimo cha kamera inayoshushwa tumboni, wakakata vinyama, wakajaribu kuwaotesha bakteria maabara. Kwa wagonjwa zaidi ya 30 wa mwanzo hakuna kilichoota. Utaratibu wa maabara ulikuwa kutupa sahani baada ya siku mbili kama hazijaonyesha kitu. Ikafika Pasaka, wafanyakazi wakazidiwa na kazi nyingine, sahani zikasahauliwa ndani ya kabati la joto kwa siku tano. Zilipotazamwa, vidoto vidogo vinavyong'aa kama matone ya maji vilikuwa vimeota. Bakteria hao hukua polepole tu. Waliokuwa wakitupwa walikuwa wazima.

Matokeo ya wagonjwa hao yalikuwa na jambo moja la kushtua. Wagonjwa 13 walikuwa na kidonda kwenye duodeni, kile kipande cha kwanza cha utumbo mdogo kinachopokea chakula kutoka tumboni. Wote 13 walikuwa na bakteria.

Huo ni ushahidi mzito, lakini ni ushahidi wa kuandamana tu, na wapinzani waliliona hilo upesi. Nzi wanapojaa kwenye donda, hakuna anayesema nzi ndio waliolichimba. Huenda utando uliokwisha kuharibika kwa asidi ndio uliowaruhusu bakteria kutua. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Kauli ya tangu mwaka 1910, kwamba pasipo asidi hapana kidonda, ilikuwa na ushahidi wake: dawa za kupunguza asidi, kama simetidini iliyoingia sokoni miaka ya 1970, zilifunga vidonda kweli. Vilirudi mgonjwa alipoacha dawa, lakini vilifunga. Daktari aliyeona hayo kwa macho yake kila siku alikuwa na haki ya kuuliza bakteria wanatafuta nini hapo.

Njia ya kumjibu ni kuchukua tumbo zima, kulitia bakteria, kisha kuangalia. Marshall alijaribu kwa vitoto vya nguruwe. Bakteria hawakushika. Wadudu hawa wamezoea tumbo la binadamu na jamaa zake wa karibu, wala si kila mnyama wa maabara huwakubali. Hakuwa na mnyama, na hakuwa na mtu wa kumpa. Akabaki yeye.

Hii ndiyo sehemu ya kisa inayotakiwa kusomwa polepole. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 32, alifanyiwa kwanza kipimo cha kamera, na vinyama vikaonyesha utando wake ni mzima na hauna bakteria. Bila hatua hiyo jaribio lote lingekuwa bure, maana mtu angeweza kusema alikuwa nao tangu zamani. Kisha akameza dawa ya kupunguza asidi ili bakteria wapate nafasi ya kupita. Halafu akanywa mchuzi wa maabara uliokuwa na bakteria wapatao bilioni moja, waliooteshwa kutoka kwa mgonjwa mwenye gastritisi. Hakuomba ruhusa ya kamati ya maadili, na mkewe hakuambiwa mapema. Leo jambo hilo lisingepita, na kwa maoni yangu ni sawa lisipite.

Siku chache hakuna kilichotokea. Baada ya kama wiki moja hivi tumbo likaanza kumjaa baada ya chakula cha jioni. Akawa anaamka na kichefuchefu na kutapika alfajiri. Pumzi yake ikanuka. Na matapishi yale yalikuwa majimaji meupe yasiyo na uchachu. Nakuomba usiipite hiyo harakaharaka. Mtu yeyote aliyewahi kutapika tumbo likiwa tupu anajua jinsi koo linavyoungua. Matapishi yasiyounguza yanaonyesha kwamba kiwanda cha asidi kilikuwa kimezimika. Maambukizi mapya ya bakteria hawa hushusha asidi kwa muda, wakati ambapo fikra iliyotawala ilikuwa kwamba ugonjwa wa tumbo ni asidi kuzidi.

Siku ya kumi alirudi kwenye kamera. Vinyama vilijaa bakteria waliong'ang'ania chembe za utando, na chini yake chembe nyeupe za damu zimefurika. Waliooteshwa kutoka kwake walikuwa wale wale. Siku ya 14 alipimwa tena, na uvimbe ulikuwa umepungua sana. Baada ya hapo ndipo akaanza antibiotiki iitwayo tinidazoli, hasa kwa sababu mkewe, alipoambiwa, hakuwa tayari kuishi na jaribio hilo ndani ya nyumba yenye watoto.

Sasa tupime. Mjerumani Robert Koch aliacha masharti manne ya kumhukumu kijidudu: kionekane kwa wagonjwa wa ugonjwa huo, kioteshwe peke yake, kikitiwa kwa mzima kilete ugonjwa ule ule, na kipatikane tena kwa huyo aliyetiwa. Ukiweka neno gastritisi mahali pa ugonjwa, Marshall alitimiza yote manne. Ukiweka neno kidonda, sharti la tatu linaanguka, kwa sababu kidonda hakikutokea. Na yule anayesema antibiotiki ndizo zilizomponya ana kazi ya kueleza kwa nini uvimbe ulipungua kabla ya dawa.

Taarifa yenyewe ilipotoka mwaka 1985 katika jarida la madaktari la Australia, kichwa chake kilisema ni jaribio la kutimiza masharti ya Koch. Ilieleza maradhi madogo ya siku 14, kisha ikapendekeza kwamba hali hiyo yaweza kuendelea hadi kuwa maambukizi ya kudumu yanayomweka mtu katika hatari ya kidonda. Waandishi walisema "inapendekezwa". Wasimulizi wa baadaye ndio waliofanya "ikathibitika".

Kwa nini basi kidonda hakikuja? Kwa sababu kidonda huchukua muda kujengeka, na ili kuona hivyo lazima tumfuate bakteria ndani.

Bakteria huyu, ambaye tangu mwaka 1989 anaitwa Helicobacter pylori, haipendi asidi, sawa na bakteria wengine. Ujanja wake ni kutokaa ndani yake. Ana kimeng'enya kiitwacho yureasi, kinachovunja urea na kutoa amonia, na amonia huzima asidi iliyomzunguka. Anatembea ndani ya kijiwingu chake mwenyewe. Kwa mikia yake ya kuogelea anazama kwenye ute mzito unaofunika utando, hadi chini kabisa, ambako asidi ni hafifu. Huko anatulia. Kipimo cha kupuliza pumzi kinachotumika hospitali kinategemea yureasi hiyo hiyo: mtu hunywa urea yenye kaboni iliyotiwa alama, na kaboni hiyo ikitoka kwenye pumzi yake, kuna aliyeivunja tumboni.

Mwili unamwona, unatuma chembe nyeupe, lakini hazimfikii vizuri kwenye ute. Vita vinapiganwa juu ya utando wa mwenye nyumba. Aina nyingine za bakteria hao zina silaha zaidi: protini inayoitwa CagA, wanayoidunga ndani ya chembe za utando na kuvuruga kazi zake, na sumu iitwayo VacA inayotoboa matundu kwenye chembe hizo. Asiyetibiwa anaweza kukaa na vita hivyo maisha yake yote. Watu wengi huambukizwa utotoni, na karibu nusu ya binadamu wamewahi kukadiriwa kuwa nao.

Kitakachofuata hutegemea bakteria wamekaa wapi zaidi. Tumbo lina sehemu ya chini, karibu na mlango wa kutokea, ambayo haitengenezi asidi ila hutoa homoni ya gastrini, inayoiamuru sehemu ya juu iitengeneze. Kuna homoni nyingine, somatostatini, ambayo kazi yake ni kuizuia gastrini isizidi. Uvimbe ukikaa sehemu ya chini, somatostatini hupungua na gastrini hupanda. Breki imelegea, na sehemu ya juu, ambayo bado ni nzima, inamwaga asidi hata pasipo haja. Asidi hiyo inashuka kwenye duodeni isiyozoea kuipokea kwa wingi. Utando wa duodeni, ukijitetea, hubadilika sehemu sehemu na kufanana na utando wa tumbo. Na hapo bakteria, ambao hawakuweza kuishi kwenye utando wa utumbo, wanapata viraka vinavyofanana na kwao. Wanahamia, uvimbe unaanza huko pia, ukuta unadhoofika, na asidi inamalizia kazi. Shimo linatokea.

Ukitazama mfuatano huo utaona kwamba waliosema asidi na waliosema bakteria hawakuwa wakikosana kama walivyodhani. Asidi ndiyo inayochimba. Bakteria ndiye aliyeilegeza breki na kuulainisha ukuta. Ndiyo maana dawa ya asidi hufunga kidonda na kisha kidonda hurudi: umemnyang'anya mchimbaji jembe, lakini aliyemwajiri bado yumo ndani.

Uvimbe ukienea hadi sehemu ya juu, mambo hugeuka. Chembe zinazotengeneza asidi huchakaa, asidi hushuka, na mtu huyo hupata nadra kidonda cha duodeni. Yeye yuko kwenye hatari ya kidonda cha tumbo lenyewe na, baada ya miaka mingi, ya saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka bakteria huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994.

Marshall alikaa na bakteria kwa siku 14. Breki yake haikupata muda wa kulegea, na duodeni yake haikupata muda wa kubadilika.

Pengo hilo lilikuja kuzibwa kwa kazi isiyo na kikombe. Mwaka 1988 Marshall, Warren na wenzao walichapisha katika jarida la tiba la Lancet matokeo ya wagonjwa 100 wenye kidonda cha duodeni. Wengine walipewa simetidini, wengine bismathi, dawa ya tumbo yenye madini, na juu yake ama tinidazoli au vidonge visivyo na dawa. Kisha wakafuatwa kwa mwaka mzima. Kwa wale ambao bakteria walibaki, vidonda asilimia 61 vilipona na asilimia 84 vikarudi. Kwa wale ambao bakteria waliondoka, asilimia 92 vilipona na asilimia 21 tu vikarudi.

Kama ningekuwa wakili nikilazimika kuchagua kielelezo kimoja cha kupeleka mahakamani, ningekiacha kikombe na kubeba namba hizo. Hoja ya nzi na donda inaanguka hapo. Kama bakteria ni nzi tu waliofuata donda, kuwafukuza kusingezuia donda kurudi mwaka mzima baadaye. Tafiti nyingine zilifuata na kuonyesha hivyo hivyo, na mwaka 1994 jopo lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilishauri kwamba mgonjwa wa kidonda mwenye bakteria hao atibiwe kwa antibiotiki. Nobel ya Marshall na Warren ilikuja mwaka 2005.

Ile asilimia 21 nayo inasema kitu. Si kila kidonda ni cha bakteria. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huchimba kwa njia nyingine kabisa: zinazuia utengenezaji wa kemikali ambazo mwili hutumia kulinda utando. Mwenye bakteria anayemeza dawa hizo kila siku amebeba hatari mbili kwa pamoja. Nimesikia watu wakimaliza dozi zao zote za antibiotiki huku wakiendelea na vidonge vya mgongo, kisha wakilaumu dawa.

Kuna kosa lingine linalotokana moja kwa moja na kutoelewa biolojia ya kisa hiki. Mtu mwenye kiungulia anaanza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, anapata nafuu, wiki ya tatu anaenda kupimwa bakteria, anaambiwa hana. Omeprazoli huwapunguza bakteria na kuwasukuma kujificha, kwa hiyo kipimo cha pumzi au cha choo kinaweza kudanganya. Dawa hiyo huachwa wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki nne, kwa ushauri wa daktari, hasa kama mtu amewahi kutoka damu. Muda huo huo wa wiki nne husubiriwa baada ya tiba kabla ya kupima kama bakteria wameisha. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hiyo, maana kingamwili hubaki muda mrefu baada ya bakteria kuondoka. Na mwenye kinyesi cheusi kama lami au anayetapika damu hasubiri wiki yoyote. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Tiba nayo imekuwa ngumu kuliko kidonge cha Marshall. Antibiotiki moja haitoshi, kwa kuwa bakteria hujifunza usugu upesi. Leo hupewa mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi na bismathi, kwa siku 14. Mtu akiacha siku ya tano kwa sababu tumbo limetulia, waliobaki ndio wale ambao dawa haikuwaweza.

Kilichobaki ni swali ambalo kikombe kiliacha wazi: ingekuwaje kama Marshall asingeponyoka mapema? Jibu la nusu lipo. Huko New Zealand, Arthur Morris naye alikunywa bakteria hao, na taarifa yake ikatoka mwaka 1987. Naye aliugua siku chache, naye asidi yake ikashuka. Lakini kwake bakteria hawakuondoka. Dawa ya kwanza haikuwamaliza, wakaendelea kuishi naye kwa miaka, akiwa na gastritisi ya kudumu isiyomletea shida kubwa, hadi alipotibiwa kwa mchanganyiko wa dawa. Yeye alikuwa na ule muda ambao Marshall hakuupata, na bado kidonda hakikuja.